Shahidi Aliyekataa Kuapa: Kisa cha Mpaka wa Kihamba, Moshi

Kisa hiki kinahusu mpaka wa kihamba kimoja, yaani shamba la urithi la ukoo, kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Moshi, na mzee mmoja Mmennonite ambaye ndiye pekee aliye hai kati ya watu waliousimika mpaka huo. Majina ya watu na ya kata nimeyaacha, kwa kuwa waliogombana ni ukoo mmoja na bado wanatumia mfereji mmoja. Mimi hufundisha maadili, na mke wa mzee ndiye aliyeniomba nisome mwenendo wa shauri na kuzungumza na kila upande. Nimekubali kuliandika kwa kirefu kwa sababu ndani ya ugomvi huu wa migomba na kahawa kuna hoja ambayo Waanabaptisti (vuguvugu la Kikristo ambamo Wamennonite walitoka) na wanafalsafa wameijadili kwa karne kadhaa: neno la mtu linashikiliwa na nini, na nani ana haki ya kulidai?

Shauri

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwenye kihamba aligawa ardhi yake sehemu mbili, moja kwa mwanawe na nyingine kwa mtoto wa marehemu kaka yake. Siku ya kupima alimwita mkwewe, ambaye ndiye mzee wetu wa leo, wakati ule kijana wa Shirati, mkoani Mara, aliyekuja Moshi kufanya kazi kwenye ghala la kahawa, akamkabidhi kamba na miche ya masale. Sababu aliisema mbele ya wote: mkwe harithi kihamba, kwa hiyo hana la kupata mstari ukienda huku wala kule. Kijana akapanda masale kutoka kwenye mfereji, juu, hadi kwenye njia ya chini. Kwa Wachaga sale si ua la kupamba nyumba. Ndilo linalotambulisha mpaka, na ndilo analolibeba mtu anayekwenda kuomba radhi; anayeling'oa gizani anajua anachokifanya.

Wagawiwa wote wawili walikwisha kufariki watoto wao walipoanza kugombana. Watoto wa shemeji yake mzee, yaani wa yule mwana wa mwenye kihamba, walidai kwamba upande wa pili umesogeza masale ya chini na kula kipande chao. Baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, halikufanikiwa kuwapatanisha. Upande wa pili ukataka livunjwe chungu: kila mmoja atamke neno lake, na aliyesema uongo laana imfuate yeye na uzao wake. Walimtaka mzee awe wa kwanza. Alikataa, na wapo waliosema wazi kwamba mtu asiyeogopa chungu asingekataa.

Shauri likafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee aliitwa kama shahidi wa waombaji, yaani watoto wa shemeji yake, karani akamnyooshea Biblia, akakataa hiyo pia.

“Wewe si Mkristo, mzee?” karani akauliza.

“Ni Mkristo, mwanangu. Ndiyo maana siapi.”

Wazee wa baraza walitazamana. Nyuma yake mmoja wa waombaji alinong'ona kwa sauti iliyosikika na wote: “Baba, shika tu hicho kitabu. Tupoteze shamba kwa ajili ya sentensi moja?” Hofu yake ilikuwa na msingi. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba ushahidi uliotolewa bila kiapo wala uthibitisho (ahadi rasmi ya kusema kweli inayotolewa badala ya kiapo) hauna thamani, na mashauri mengi yamerudi mwanzo kwa kasoro hiyo.

Mwenyekiti aliijua sheria. Sura ya 34 ya sheria za nchi, inayohusu viapo, inampa nafasi ya kuthibitisha, badala ya kuapa, mtu asiye Mkristo, mtu asiye na dini, na mtu ambaye imani yake inamkataza kuapa. Katika vyumba vyetu vya mahakama tumezoea kwamba Mkristo anaapa na Mwislamu anathibitisha, hivyo karani alihitaji kurudia mara mbili alichotaka kuandika: Mkristo, athibitisha. Mzee akaahidi kusema kweli, akaanza kutoa ushahidi.

Mmennonite na kiapo

Jambo hili lina historia ya damu. Tarehe 21 Januari 1525, mjini Zurich, Uswisi, Conrad Grebel alimbatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni, na hapo ndipo vuguvugu la Waanabaptisti huhesabiwa kuanza. Februari 1527 wenzao walikutana Schleitheim, hukohuko Uswisi, wakiongozwa na Michael Sattler, aliyewahi kuwa mtawa, wakakubaliana mambo saba. La saba ni kiapo. Mei ya mwaka huohuo Sattler alichomwa moto Rottenburg.

Msomaji wa leo anaweza kushangaa kwamba serikali ziliogopa watu wasioapa. Lakini katika mji kama Strasbourg raia walikusanyika kila mwaka kuapa utii kwa katiba ya mji wao. Kiapo ndicho kilichowafanya kuwa mji. Asiyeapa alionekana kama mtu aliyejitoa katika mkataba wa kuishi pamoja. Ni shutuma ileile aliyotupiwa mzee wetu kuhusu chungu, ingawa kati ya Strasbourg na Kilimanjaro hakuna kinachofanana kwa sura.

Wamisionari Wamennonite kutoka Marekani, waliofika Shirati mwaka 1934, walikuja na ungamo la imani la Wamennonite lililoandikwa Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1632, lenye kifungu chake kuhusu kiapo. Mzee alilelewa humo. Ukimwuliza atakusomea Mathayo 5: “Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu.” Atakuongezea kwamba shuleni, enzi za TANU, alitamka “Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko” bila kusitasita, kwa sababu ile ilikuwa ahadi.

Kuna hoja ndani ya maandishi ya Schleitheim ambayo haipewi uzito inaostahili. Sattler na wenzake walitenganisha kuapa na kushuhudia. Anayeapa, walisema, anajifunga kwa mambo yajayo, na binadamu hawezi kudhamini yajayo kwa kuwa hawezi hata kubadili unywele wake mmoja. Anayeshuhudia anasema lililopo. Hii ni hoja ya kifalsafa kamili hata ukiiondolea aya za Biblia: inasema kuna tofauti kati ya kuweka dhamana ya kitu usichokimiliki na kusimama nyuma ya kitu ulichokiona. Mzee aliona kamba na masale. Hayo alikuwa nayo. Laana juu ya wajukuu, ambayo chungu kilimtaka aiweke rehani, haikuwa yake kuitoa.

Hobbes, Locke na mbunge asiyeamini Mungu

Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, ambaye hakuwa na upendo wowote kwa madhehebu yasiyotii mtawala, aliandika mwaka 1651 kwamba kiapo hakiongezi chochote kwenye wajibu: agano likiwa halali linakufunga mbele ya Mungu hata usipoapa, na likiwa batili halikufungi hata ukiapa. Kwa njia tofauti kabisa amefika alipofika Sattler. Mwingereza mwenzake John Locke, katika barua yake ya 1689 kuhusu kuvumiliana, aliwataja Waanabaptisti kwa jina miongoni mwa wanaostahili kukusanyika kwa uhuru. Katika barua hiyohiyo akasema asiyeamini Mungu asivumiliwe, kwa sababu ahadi, mapatano na viapo, vinavyoishikilia jamii, haviwezi kumshika.

Nadhani Locke alikosea, na historia ya sheria inanisaidia. Mwaka 1577 William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, aliwaandikia watawala wa mji wa Middelburg wakubali “ndiyo” ya Wamennonite badala ya kiapo, na mji haukusambaratika. Uingereza, Charles Bradlaugh, asiyeamini Mungu, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1880, akazuiwa kwa miaka kadhaa kushika kiti chake kwa ajili ya suala la kiapo, kisha akasukuma sheria ya 1888 iliyompa kila mtu haki ya kuthibitisha: ama kwa kukosa dini, ama kwa dini yake kumkataza. Sheria yetu, ukiacha ile nafasi ya asiye Mkristo, inafuata mpangilio huohuo wa sababu mbili. Ina maana kwamba mlango aliopita mzee wa Shirati pale Moshi umepanuliwa na mtu ambaye Locke asingempa hata nafasi ya kusikilizwa. Muumini mkali na mkana Mungu wanasimama katika sentensi moja ya sheria, nami naliona jambo hilo kuwa zuri, kwa sababu wote wawili wanadai kitu kimoja: nihukumuni kwa nilichosema.

Tena tunao mfano wa karibu, mwendo wa kilomita 80 hivi kwa barabara. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa Arusha hadi mwishoni mwa 2015. Humo ndimo Jean-Paul Akayesu alipotiwa hatiani mwaka 1998, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kanuni zake hazikumtaka shahidi aape kwa Mungu. Kila shahidi alitoa tamko kwamba atasema kweli, kweli yote, na si kingine ila kweli. Uhalifu mzito kuliko wote ulithibitishwa kwa maneno ya watu ambao hawakuapa. Na tangu 2016 Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo wala uthibitisho, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Tulichokikubali kwa mtoto ndicho Waanabaptisti walichokiomba kwa watu wazima.

Spinoza na rehani

Wanaodhani kwamba mazungumzo kati ya Waanabaptisti na wanafalsafa ni jambo la wasomi wa juzi wamsome Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi. Baada ya kufukuzwa katika jumuiya ya Kiyahudi ya Amsterdam mwaka 1656, baadhi ya rafiki zake wa karibu walikuwa Wamennonite, akiwemo mfanyabiashara Jarig Jelles, ambaye utangulizi wa maandishi ya Spinoza yaliyochapishwa baada ya kifo chake mwaka 1677 ulitoka mkononi mwake.

Katika kazi yake ya mwisho kuhusu siasa, aliyoiacha haijakamilika, Spinoza ana pendekezo la ajabu. Anasema watu watajihadhari zaidi na uongo wakiapishwa kwa usalama na uhuru wa nchi kuliko wakiapishwa kwa Mungu. Anayeapa kwa Mungu anaweka rehani wokovu wake, na thamani ya rehani hiyo anaipima yeye mwenyewe. Anayeapa kwa uhuru wa nchi ameweka rehani kitu cha wote, ambacho hana mamlaka ya kukipima.

Hapa Spinoza anawauliza rafiki zake swali gumu. “Ndiyo” isiyo na kiapo imewekewa rehani gani? Ukijibu “dhamiri yangu,” umerudi palepale, kwa sababu dhamiri pia inapimwa na mwenyewe. Nimelifikiria sana swali hili nikisoma mwenendo wa shauri, na jibu bora ninaloliona limo katika uamuzi wa yule baba mkwe. Alimchagua mkwe asiye na cha kupata, akampa kamba mbele ya ukoo mzima. Kilichowekwa rehani ni nafasi ya mtu huyo kati ya watu: kuendelea kuitwa, kusikilizwa, kuaminiwa kupatanisha. Rehani hiyo inapimwa na jirani kila siku. Kwa kweli Schleitheim ililijua hili. Jambo la pili katika yale saba ni nidhamu ya Mathayo 18: ndugu akikosa, mwendee faraghani, kisha kwa mashahidi, kisha liambie kanisa. Kutoapa bila nidhamu hiyo kunabaki nusu ya fundisho, maana “ndiyo” haina wa kuidai.

Swali la wakili

Wakili wa upande wa pili hakuwa na haraka. Alimwacha mzee aeleze kamba, mfereji, mche wa kwanza na wa mwisho. Mwishoni akauliza swali ambalo nadhani alilitupa kwa kubahatisha: “Na masale yote unayoyaona leo, mzee, yako pale ulipoyapanda?”

“Hapana. Ya chini yamesogezwa na upande wenu. Ya juu, karibu na mfereji, yalisogezwa na marehemu shemeji yangu, hatua tatu, mwaka ule mfereji ulipozibuliwa upya.”

Baraza lilikwenda kuona eneo, mzee akaonyesha visiki viwili vya masale ya zamani, na uamuzi ukarudisha mstari wa mwanzo juu na chini. Waombaji walipata kipande chao cha chini na kupoteza hatua tatu za juu, ambazo ndizo zilizokuwa karibu na maji. Kwa mtu wa kihamba hiyo si hasara ndogo.

Wengi waliosikia kisa hiki huishia hapo, wakimsifu mzee kwa kusema kweli dhidi ya watu wake. Alistahili sifa. Ila waombaji walimwuliza jambo ambalo halikujibiwa barazani: ulijua tangu mwaka ule, kwa nini ukanyamaza? Alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza, na hajawahi kusema uongo kuhusu mpaka ule.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant angemwelewa. Kant huyu ndiye aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji aliye mlangoni akimwulizia rafiki yako asidanganywe. Lakini katika barua kwa mwanafalsafa mwenzake Moses Mendelssohn mwaka 1766 alikiri kwamba yapo mengi anayoyaamini ambayo hatakuwa na ujasiri wa kuyasema, ila hatasema kamwe asichokiamini. Wajibu wa kutosema uongo ni mkali; wajibu wa kusema yote haupo. Ni msimamo wenye heshima kwa mwanafalsafa aliyeishi chini ya wadhibiti wa vitabu. Kwa mtu aliyekabidhiwa kamba hautoshi. Nafasi aliyopewa na baba mkwe ilikuwa kazi ya kulinda mstari, na mlinzi anayesubiri kuulizwa ameacha zamu.

Hapa ndipo naona fikra za Kianabaptisti zinahitaji kukaripiwa, na ushahidi unatoka ndani ya nyumba yao. John Howard Yoder, aliyefariki 1997, ndiye Mmennonite aliyesomwa kuliko wote na wanafalsafa na wanateolojia wa karne iliyopita. Hoja zake za kutotumia nguvu zilibadili mijadala ya maadili. Aliandika pia juu ya Mathayo 18 kwa ufasaha mkubwa. Mwaka 2015 mwanahistoria Rachel Waltner Goossen alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa miaka mingi Yoder aliwadhalilisha wanawake kingono, na kwamba viongozi wa taasisi za kanisa lake walilishughulikia suala hilo kwa siri huku wanawake wenyewe wakiachwa bila kusikilizwa. Watu wanaofundishwa kwamba “ndiyo” yao inatosha waliweza kunyamaza kwa miongo kadhaa bila kuvunja hata herufi moja ya kifungu cha saba. Kifungu kinachunga ulimi unaposema, hakina la kumwambia aliyefunga mdomo. Asiyeapa kwa kuwa maneno yake yote yana uzito mmoja lazima akubali kwamba na ukimya wake una uzito huohuo.

Mzee alilipeleka mwenyewe suala hili kwa wazee wa kanisa lake, mkewe akiwepo. Wao walitaka kulimaliza haraka: barazani amesema kweli, tena kwa hasara ya nyumba yake, kuna nini tena? Mke ndiye aliyekataa.

“Mimi nilimwuliza,” akasema. “Mwaka ule kaka yangu aliposogeza masale nilimwuliza Baba Neema kama ameona. Akaniambia mambo ya ndugu zangu hayaingilii. Hilo si ndiyo, wala si siyo.”

Mmoja wa wazee alisema hayo ni mambo ya mume na mke, yaishie nyumbani. Sikubaliani naye. Mathayo 18 haisubiri kosa liwe na namba ya jalada. Mama huyu ndiye mtu wa kwanza aliyetaka ushahidi wa mpaka ule, miaka mingi kabla ya mwenyekiti na wakili, naye hakupewa. Angejibiwa siku ile kaka yake angali hai, kulikuwa na mtu wa kuendewa faraghani, na sale la kurudishwa hatua tatu bila shauri wala chungu. Wazee walikubali mwishowe kwamba mzee awaombe radhi watoto wa shemeji yake kwa kuwaachia warithi ugomvi ambao angeweza kuuzuia, na kwamba amwombe radhi mkewe kwanza, mbele yao, kwa jibu lile.